Mkamwana Nisiyemjua kwa Sura

Ndugu zangu wa Kisiba, mliponiuliza safari yangu ya matibabu ilikwendaje, niliwajibu kanisani, nimesimama mbele na koti langu jeusi. Nilimshukuru Mungu, nikawashukuru madaktari, nikaishukuru serikali, nikashukuru hata mashine. Mkaitikia Amina, tukatoka kwenda kula ndizi. Sikusema uongo siku ile, ila nilimruka mtu mmoja, na huyo ndiye aliyefanya nikawa hai. Mimi ni mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa. Kuandika najua, na kuficha pia najua, kama mtakavyoona. Sasa nayaandika yote, hatua kwa hatua. Mambo ya barua za rufaa na mihuri nawaachia makarani.

Kisiba hadi Tukuyu

Uvimbe wangu mliuona wenyewe, upande wa kushoto wa shingo. Daktari wa Mbeya aliniambia ni kansa ya tezi, na kwamba Dar es Salaam kuna mashine ya mionzi inayoweza kuiua. Ila alinionya: "Mwalimu, utapigwa mionzi kila siku, wiki tano. Ukianza, usiruke siku. Ukiirukaruka, uvimbe utarudi na koo litaziba." Niliondoka Kisiba na maneno hayo kichwani. Kitu kimoja tu nilitakiwa kufanya, kutoruka siku.

Mama Ambakisye alitaka kunisindikiza, lakini mama yake mzazi alikuwa hoi kitandani. Nikasema nitakwenda peke yangu, nitafikia kwa kijana wetu Ambakisye, anafanya kazi kiwandani Dar. Mke wangu akaniangalia sana.

"Na mkamwana je?" akauliza. "Mtakaaje?"

"Sisi ni Wakristo," nikamjibu.

Ninyi mnajua alichokuwa akiuliza, lakini naandika pia kwa wajukuu ambao huenda hawatazikuta mila hizi. Kwetu mwanamke na baba mkwe wake wanaogopana. Hamtazami, hatamki jina lake, hakai naye chumba kimoja. Akimwona anakuja njiani, anaingia migombani mpaka apite. Mimi nilihubiri zaidi ya mara moja kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati, kwamba ndani ya Kristo sote ni watoto wa nyumba moja. Mlinisifu kwa mahubiri yale. Lakini Atuganile, mke wa Ambakisye, alipoishi kwangu mwaka mzima baada ya harusi, aliingia migombani kila nilipopita, nami sikumwambia hata siku moja atoke. Niseme ukweli, nilipenda kusikia majani yakitikisika. Nilijiona mtu mzima.

Lori la kijiji lilikwama kwenye utelezi mara mbili kabla ya Tukuyu. Mara ya pili wenzangu wote walishuka kusukuma, mimi nikabaki juu ya magunia ya kahawa nikiwaongoza kwa wimbo. Wimbo ulikuwa mzuri. Lori lilitoka kwa mikono yao.

Tukuyu hadi Mbeya

Tukuyu tulisubiri basi siku nzima kwa sababu ya dizeli. Mvua haikukatika. Nilikaa kwenye baraza la duka nikinywa maziwa mgando niliyofungiwa na mke wangu kwenye kibuyu, maana vitu vigumu vilishaanza kugoma kupita. Pembeni alikaa mfanyabiashara wa Bulyaga, Bwana Saidi, anayeuza vitenge na mafuta ya taa. Nilimjua kwa sura miaka mingi bila kumsalimia zaidi ya lazima, kwa kuwa yeye ni Mwislamu na mimi nilikuwa nimejipa kazi ya kulinda watu wasichanganyike.

Basi lilipokuja, watu walilivamia. Bwana Saidi akapenya, akakamata kiti cha dirishani, kisha akaniita kwa sauti: "Mwalimu! Njoo ukae, mgonjwa hasimami!" Yeye mwenyewe alisimama mpaka Mbeya, mkono mmoja juu ya chuma. Nilimwambia asante bila kumwangalia, nikafungua kitabu changu cha nyimbo.

Ndani ya treni

Treni ilichelewa kuondoka, kisha ikasimama Makambako kutwa nzima. Walisema kuna mabehewa ya mizigo yanafanyiwa kazi mbele. Baridi ya Makambako mnaijua kwa sifa, na mimi shingo yangu ilikuwa na moto. Tulikuwa chumba kimoja na Bwana Saidi, naye akaniachia kitanda cha chini. Alinunua yai la kuchemsha kwa mama mmoja dirishani, akaliponda ndani ya chai ya maziwa kwa kijiko mpaka likawa laini. "Kunywa hivyo hivyo, litapita."

Likapita. Nikaona nimlipe kwa kumwombea. Nikasimama, nikaomba kwa sauti kubwa, ndefu, na katikati nikamwomba Mungu amfungue macho. Bwana Saidi alisubiri kwa adabu mpaka nikamaliza.

"Amina," akasema. "Huko Dar unafikia wapi, Mwalimu?"

"Kwa mwanangu."

"Ana mke?"

"Anaye."

"Basi umeshapona nusu. Mgonjwa anahitaji mwanamke wa nyumbani." Akacheka. "Lakini ninyi na wakwe zenu! Mtu atakufa na njaa mlango wa pili, kisa anamwogopa mkwe."

Nilikasirika sana. Nikamwambia mimi ni mzee wa kanisa na mambo hayo kwangu hayapo. Akasema vizuri, akageukia ukutani akalala. Mimi nilibaki macho nikihesabu stesheni, na hasira ile ilinifaa kuzuia nisifikirie.

Temeke, chumba kimoja

Ambakisye alinipokea stesheni, akanipeleka kwake Temeke. Kilikuwa chumba kimoja cha kupanga katika nyumba ya watu sita. Walikigawa kwa shuka. Upande wa dirisha wakaniwekea kitanda chao wenyewe, upande wa mlango wao wakatandika mkeka. Atuganile sikumwona. Nilisikia tu ndala zake. Chakula kilipitishwa chini ya shuka: bakuli la uji, kisha mkono ukarudi haraka. Kwa wiki nzima nilijua mkono ule tu, wenye alama ya kuungua karibu na kidole gumba.

Hospitali kubwa nilianza na Ambakisye. Mashine haiumi, nawaambia msiiogope. Unalala, wanakuchora shingo kwa wino wa zambarau, wanatoka, inanguruma, basi. Kazi inakuja baadaye. Mate yalinikauka, koo likawa kidonda, na kila kilichoingia kilitoka. Ndoo yangu ilikuwa ikiondolewa asubuhi nikiwa nje na kurudishwa imeoshwa. Sikuuliza nani anaiosha. Nilijua, ndiyo maana sikuuliza.

Wiki ya pili Ambakisye akabadilishiwa zamu kiwandani, akawa anaingia asubuhi. "Baba, utakwenda na Atuganile," akaniambia.

"Nitakwenda peke yangu."

"Njia huijui, na jana ulianguka uani."

"Sitatembea barabarani na mkamwana. Nyumba hii ina watu wa kwetu wawili. Habari zitafika Kisiba kabla yangu."

Siku mbili sikwenda. Ndugu zangu, someni tena hapo mwanzo alivyoniambia daktari, kisha muone mzee wenu wa kanisa amelala kitandani kwa makusudi, uvimbe unamnyonya, kwa sababu ya mdomo wa majirani. Niliporudi siku ya tatu, Ambakisye akiwa ameomba ruhusa, daktari hakunipigia kelele. Alisema tu kwamba wagonjwa wa mikoani wamelala kwenye veranda wakisubiri nafasi, na nikikosa siku moja zaidi nafasi yangu atapewa mwingine.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kuondoka, nilimsikia Atuganile akiomba upande wa pili wa shuka. Alidhani nimelala. Aliomba kwa Kinyakyusa, polepole, na kwa kuwa hawezi kutamka jina langu, alisema: "Bwana, yule ninayemwogopa, wewe jina lake unalijua. Mpe kumeza." Halafu tena: "Mpe kumeza tu." Mimi niliyeomba nusu saa ndani ya treni sikuwa nimewahi kuomba sala fupi kama ile. Nilijifunika shuka usoni kwa aibu.

Hata hivyo aibu ile haikunitosha. Tulipatana kupitia kwa Ambakisye kwamba Atuganile atatangulia hatua ishirini na mimi nitafuata. Kwenye basi yeye atapanda mlango wa mbele, mimi wa nyuma. Akishuka, nishuke. Alama yangu ilikuwa kitenge chake cha bluu chenye kuku wa manjano. Hivyo ndivyo tulivyokwenda, siku baada ya siku. Alibeba kikapu chenye uji wangu kichwani, nami nikafuata kuku.

Nyumba ya mtu Ilala

Wenye akili mmeshajua kitakachokuja. Mwaka ule vitu vilikuwa haba. Kitenge kikifika duka la ushirika, kinakuja cha aina moja, na watu wanakipanga foleni toka alfajiri. Nusu ya wanawake wa upande ule wa Dar walikuwa wamevaa kuku.

Wiki ya nne, basi limejaa, niliona kuku wakishuka nami nikashuka. Nilifuata. Njia haikuwa ile, lakini nilidhani amepita mkato kwa sababu ya jua. Akakata kona, nikakata. Akaingia ua, nikaingia. Yule mwanamke akageuka.

"Mzee, tangu kituoni unanifuata. Unataka nini kwangu?"

Nikainamisha macho kwa haraka, nikampa mgongo, kama inavyompasa mtu akikutana na mkamwana uso kwa uso. Akazidi kushangaa, akapiga kelele. Watu wakatoka vyumbani. Mmoja akasema ni mwizi, mwingine akasema hana nguvu za kuiba, huyu ni mhuni tu wa uzeeni. Wakamwita balozi wa nyumba kumi, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinipa kiti na maji, nayo yakanitoka puani.

"Mzee, unatoka wapi?"

"Rungwe. Nakwenda hospitali, kupigwa mionzi. Nilikuwa namfuata mkamwana wangu."

"Mkamwana wako yukoje?"

"Amevaa kitenge cha kuku."

Watu wakacheka. Pale uani walikuwapo wanne wenye kuku.

"Ni mrefu? Mfupi? Mweusi, maji ya kunde?"

"Sijui."

"Unaishi naye?"

"Naishi naye. Alikaa nyumbani kwangu mwaka mzima, na sasa nakaa kwake wiki ya nne."

"Na hujui sura yake?"

Nikasema sijui. Kicheko kilikatika. Nadhani walifikiri nina wazimu, na hiyo ingekuwa nafuu. Nilijaribu kumkumbuka, nikapata mkono wenye alama ya kuungua na sauti ya ndala. Nilikuwa na mtu aliyeosha matapishi yangu, na nisingeweza kumtofautisha na mwanamke yeyote wa Ilala. Na jua lilikuwa limeshapanda. Mashine hufungwa saa saba. Nilijua nafasi yangu inakwenda.

Ndipo akaja. Alikuwa amerudi kwa miguu kituo kwa kituo akiuliza watu kama wamemwona mzee mwenye koti jeusi na shingo ya zambarau. Alisimama mlangoni mwa ua akihema, kikapu mkononi, uji umemwagikia kitenge.

"Huyu ni baba yangu," akasema.

Balozi akanigeukia. "Ni yeye?"

Nikatazama chini. Nikasema, "Sijui." Nilijua. Sauti ile niliijua kabisa. Lakini kumtambua ilinibidi nimtazame, na watu walikuwa wengi.

Atuganile akavuka ua. Akanishika kidevu kwa mkono wenye alama, kama mnavyoshika mtoto anayekataa dawa, akainua uso wangu. "Baba, nitazame. Saa sita na nusu. Nitazame halafu twende."

Nikamtazama. Ni binti mdogo, ndugu zangu. Ana mwanya. Macho yalikuwa mekundu kwa kulia, na mashavu yamevimba, na nilipoteremsha macho nikaona kwa nini. Alikuwa na mimba kubwa, miezi saba au zaidi. Mimba ile ililala chini kwenye mkeka huku mimi niko kitandani. Ilibeba maji toka bomba la mtaa wa pili, ikapanga foleni ya sukari ya uji wangu, ikatembea hatua ishirini mbele yangu kila siku kwenye jua, nami nikitazama kuku.

Alinishika mkono tukatoka. Aliponiona nalegea, alinipitisha mkono begani kwake, akanikokota. Barabarani watu waligeuka. Hospitali tulikuta nesi anafunga mlango wa chumba cha mashine.

"Muda umekwisha, mama."

"Dada, nimetembea toka Ilala na hali hii unayoiona," akasema Atuganile. "Mfungulie huyu mzee. Mimi nitakaa hapa chini mpaka umfungulie." Na akaketi kweli, kwenye saruji, miguu ameinyoosha.

Nesi alimwangalia, akaniangalia, akafungua.

Nilipolala pale na mashine inanguruma, nililia. Nilikuwa nimefundisha katekisimu miaka mingi, na neema nilikuwa nikiieleza vizuri, kwa vipengele. Siku ile niliipokea bila kipengele hata kimoja. Nilipewa kitu ambacho muda mfupi uliopita nilikuwa nimekikana mbele ya watu. Nikasema, "Bwana, asante," na sikuweza kuongeza neno.

Tukiwa tunarudi, nilimuuliza nikiwa bado natazama mbele, "Hukuogopa kunishika?"

"Niliogopa sana, baba. Lakini ningemwambia nini mama, nikirudi Kisiba bila wewe?"

Stesheni

Toka siku hiyo alivuka shuka. Alininywesha uji kwa kijiko, akanisomea neno, akanitania kwamba nakoroma kama tingatinga. Sikuruka siku tena. Mwisho wa wiki ya tano uvimbe ulikuwa umepungua mpaka kola ya shati ikafunga. Nilikuwa nimemeza kipande cha papai. Natamani habari hii ingeishia hapo.

Siku ya kuondoka alinisindikiza na Ambakisye. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumshukuru, nimeyarudia kichwani kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Ambakisye alikwenda kuulizia behewa, tukabaki wawili, yeye amenishika kiwiko. Nikafungua mdomo. Mara nikawaona watu wengine wawili wa kwetu wanakuja jukwaani na mizigo yao, wanasafiri treni ile ile. Mnawajua, wako kati yenu, na hawana kosa.

Nikautoa mkono wangu.

Sikumsukuma. Niliutoa tu, nikasogea hatua moja pembeni, nikakohoa kama mtu mkubwa. Atuganile alinitazama, akawatazama wao, akaelewa yote. Akajifunika kitenge kichwani, akarudi nyuma ya nguzo, akanipa mgongo. Alijificha ili heshima yangu isiharibike. Wale wawili wakanisalimia, nikaanza kuwasimulia uwezo wa Mungu. Treni ilipoondoka bado alikuwa nyuma ya nguzo, na tumbo lake lilikuwa linaonekana.

Nimebeba nguzo ile mpaka Kisiba. Nilisimama nayo kanisani nikawashukuru madaktari.

Tukuyu, Jumamosi iliyopita

Barua ilikuja kwamba Atuganile anapanda kuja kuonyesha mtoto, wa kike, ana miezi mitano. Sikumwambia mtu. Nilishuka Tukuyu mapema, nikasimama stendi. Ilikuwa siku ya soko na wengi wenu mlikuwapo, baadhi mkanisalimia mkashangaa sikujibu vizuri.

Basi lilifika. Atuganile alishuka wa nne, mtoto mgongoni, mfuko mkono huu na mfuko mkono huu. Aliniona. Akageuka upesi kwenda nyuma ya basi, kama alivyofundishwa, na kama nilivyomfundisha mimi stesheni. Nikazunguka upande wa pili nikamkuta ameinamia gurudumu.

"Atuganile," nikaita, kwa sauti ya darasani, ile inayofika uwanjani. Kelele za stendi zikapungua. "Ndaga fijo, mwanangu. Asante sana. Uliniponya, nami nikakukana mara mbili. Nisamehe."

Hakuinua uso. "Baba, watu wanaangalia."

"Naona."

Mtoto akaanza kulia. Atuganile akanyoosha mgongo, akaufungua ubeleko.

"Basi mpokee huyu," akasema, "nimesafiri siku tatu, mgongo unaniuma."

Nikampokea pale pale, mbele ya soko zima. Nilikuwa naona aibu mpaka masikio yananiwaka, na mtoto akanikojolea koti la kanisani, na sikumrudisha.